Mashine ya mvuke ya kusafisha ndani ya gari: iulize till yako kwanza

Jumamosi, saa nne asubuhi. Mteja anaingia na Noah yake, anafungua mlango wa nyuma, na wewe unajua shida ni gani kabla hajasema neno. Mtoto alimwaga maziwa kwenye kiti siku tatu zilizopita. Unamwambia aache gari hadi jioni ili viti vikauke. Anaangalia saa, anasema atarudi wiki ijayo, anawasha gari. Wiki ijayo hufika, yeye hafiki.

Wengi wenu mnaoosha magari mmeanza kuwaza mashine ya mvuke kwa sababu ya wateja kama huyo. Zile video kwenye simu nazo zinashawishi: mvuke unapita, uchafu unatoka, kiti kinang'aa. Lakini tuseme mashine ni shilingi 36,000. Hizo ni pesa ambazo mara nyingi tayari zina kazi nyingine nyumbani, na shule ikifunguliwa haingoji mashine ijilipe. Basi tupige hesabu pole pole. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu, weka zako.

Kwanza, ujue unanunua nini. Mashine hii huchemsha maji na kuyatoa kama mvuke kupitia mdomo mwembamba. Joto hulegeza mafuta na uchafu ulioganda, kisha unafuta kwa kitambaa. Kwa sababu maji yanayotumika ni machache, kiti hakilowi sana na hukauka mapema. Ni nzuri sana kwenye usukani, mikanda, milango, matundu ya hewa na zile kona ambazo brashi haifiki.

Sasa sikiza jambo ambalo muuzaji huenda asikwambie: mashine ya mvuke hainyonyi. Vumbi na mchanga lazima vitoke kwanza kwa vakyumu. Na yale maziwa ya kwenye Noah, yakishazama ndani ya sponji ya kiti, mvuke peke yake hauwezi kuyatoa. Utayapasha moto tu, na gari linuke zaidi. Kazi hiyo inataka mashine ya kunyunyiza maji ya sabuni na kuyanyonya tena, ambayo ni kifaa tofauti kabisa. Kwa hivyo yule mteja aliyekufanya utamani mvuke, huenda mvuke usingemsaidia.

Kuna pia suala la stima. Sehemu nyingi za kuosha magari kando ya barabara zinatumia pampu ya petroli na hazina stima kabisa. Mashine ya wati 2,000 ikifanya kazi saa moja mfululizo hula yuniti 2 za tokeni. Gharama yenyewe si kubwa, ila ukiiunganisha kwa waya mwembamba wa ekstensheni uliopita kwenye maji, hapo unacheza na maisha ya kijana wako wa kazi.

Tuje kwenye till. Fungua taarifa ya miamala ya miezi mitatu iliyopita na uangalie viwango. Malipo ya shilingi 200 au 300 ni ya kuosha nje. Malipo ya 1,500 kwenda juu, hayo ndiyo ya ndani. Yahesabu, na usisahau wachache waliolipa kwa pesa mkononi. Ukipata sita kwa mwezi, hao tayari unawahudumia kwa brashi na shampuu. Mashine haitawaleta, washafika. Wengi hukosea hapa: wanachukua kazi zote za ndani na kuziandikia mashine, halafu wanashangaa mbona pesa haijaongezeka.

Mashine inalipwa na wateja ambao bila hiyo ungewakosa. Na hapo till haiwezi kukusaidia, kwa sababu inajua waliolipa tu, haiwajui walioondoka. Chukua daftari la shilingi ishirini, na kwa wiki nne andika kila mtu aliyeulizia usafi wa ndani akaenda zake. Andika sababu yake: bei, muda, au aina ya uchafu. Waliokimbia bei, mashine haiwarudishi. Wenye maziwa na matapishi, tumeshasema. Wanaobaki ni wale ambao hawakuwa na muda wa kungoja viti vikauke.

Tuseme daftari linakupa watatu kwa mwezi. Kila mmoja analipa 2,000. Toa 600 za kijana, 150 za sabuni na vitambaa, na 60 za stima, unabaki na 1,190. Mara tatu ni 3,570. Gawanya 36,000 kwa hiyo, unapata miezi kumi na siku kadhaa kabla mashine haijarudisha pesa yake, na hiyo ni kama haijaharibika. Wenye kutumia maji ya kisima yenye chumvi wawe makini zaidi, kwa sababu chokaa huganda ndani ya tangi na kuziba njia ya mvuke.

Je, lipa mdogo mdogo? Tuseme ni amana ya 6,000, kisha 150 kila siku kwa mwaka mmoja. Hiyo 150 inaonekana ndogo, ni kama bei ya chapati na maharagwe. Ijumlishe: siku 365 ni 54,750, ongeza amana, ni 60,750. Na kwa mwezi wa siku 30 unalipa 4,500, wakati mashine inakuletea 3,570. Ile tofauti ya 930 itatoka kwenye pesa ya kuosha nje, yaani ile inayolisha nyumba.

Kama hesabu yako inafanana na hii, sisi tungesubiri. Tafuta jirani mwenye mashine na umkodishe. Wapange wale wateja watatu kwenye siku mbili, ulipe 800 kwa siku, na bado unabaki na 1,970 bila deni lolote. Wakifika wanane au kumi kwa mwezi, na daftari likaonyesha hivyo miezi miwili mfululizo, basi nunua. Kila baada ya kazi ya ndani, hamisha mia tatu au nne hadi kwenye akiba ya kufunga, ili siku hiyo ikifika usianze kwa mkopo.

Siku ya kununua, nenda dukani na uombe iwashwe mbele yako hadi itoe mvuke. Lipa kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukubali pesa itoke. Mtu akikwambia utume amana kwa namba yake binafsi ndipo akutumie mzigo kwa basi, mwache. Na ule ujumbe wa malipo usiufute, maana mashine ikikufa mkononi wiki ya pili, ndio utakaomwonyesha muuzaji pamoja na risiti.