Cheche Huzaliwa Umeme Unapokatika

Swali dogo kwanza: kwenye injini ya gari la zamani, cheche ya plagi hutokea umeme unapopita au unapokatika? Wengi hujibu "unapopita". Hata mimi nilidhani hivyo, na nusura tuuze gari kwa sababu hiyo.

Baba ana Land Rover Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ilianza kuwaka kwa shida, inakohoa, inalipuka kwenye ekzosi. Fundi mmoja akasema injini ifunguliwe yote. Baba aliposikia bei, akaanza kutafuta mnunuzi wa skrepa. Nikamwomba siku moja tu.

Betri ina volti 12, lakini plagi inahitaji maelfu ya volti. Kazi ya kuzipandisha ni ya koili: nyaya mbili zimezungushwa kwenye chuma kimoja, mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba wenye mizunguko mingi sana. Pointi za distributa zikigusana, mkondo hupita kwenye waya mnene na kujenga uga wa sumaku. Hapo bado hakuna cheche. Pointi zikiachana, mkondo hukatika, uga huanguka ghafla, na anguko hilo ndilo linalozalisha volti kubwa kwenye waya mwembamba.

Shika neno "ghafla". Mkondo haukubali kukatika kirahisi, hujaribu kuruka mwanya wa pointi. Ukifanikiwa, uga huanguka polepole na plagi hupata cheche dhaifu. Ndiyo maana kuna kondensa, kikopo kidogo kisichozidi kidole gumba, ambacho huupokea mkondo huo kwa kitambo kifupi mpaka pointi ziachane vizuri. Na si mara moja: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inahitaji cheche 100 kila sekunde!

Basi, jioni nikafungua kifuniko cha distributa. Waya mkubwa wa koili nikauchomoa na kuufunga kwenye chuma cha injini, kisha mdogo wangu akapiga stata. Kumbe pointi zilikuwa zinatoa mwako mkubwa wa buluu, na nyuso zake zimeungua. Cheche ndogo hapo ni kawaida, ila mwako kama ule unamshtaki kondensa. Tulibadilisha pointi na kondensa, tukapima mwanya kwa fila hadi milimita 0.4. Ikawaka kwa stata ya kwanza. Injini haikufunguliwa.

Ukitaka kujaribu, zima swichi kabla ya kugusa kitu, na petroli iwe mbali. Usishike waya wa plagi injini ikiunguruma. Pia usiache swichi wazi injini ikiwa imezimika: pointi zikiwa zimegusana, koili huchemka hadi kuungua.

Magari mengi ya petroli ya leo hayana pointi, transista ndiyo inayokata mkondo. Ila siri ni ileile. Kwa hiyo fundi akikuambia "fungua injini", muulize kwanza: cheche umeiangalia?