Kompyuta ya Kale

Redio ikiharibika, mtu wa Kpandroma haitupi upesi. Huipeleka kwa fundi. Huko Ulaya na Marekani wako watu wapendao kukusanya kompyuta za kale na kuzifufua vivyo hivyo.

Moja huitwa Commodore 64. Ilianza kuuzwa mwaka 1982. Haikuwa na kioo chake. Iliungwa na televisheni ya nyumbani. Kumbukumbu yake yatosha herufi 65,536 tu. Wengi walitunza kazi zao katika kanda, kama zile za nyimbo.

Mwenye pupa akiipata huiwasha mara moja. Hilo ni kosa. Sehemu za ndani zataka umeme wa volti 5, nao hutoka katika kisanduku cha pembeni. Kisanduku kikizeeka, huweza kutoa umeme kupita kiasi, na sehemu hizo huungua.

Basi mwenye busara huupima umeme kwanza. Ukizidi, hutafuta kisanduku kipya. Kisha hupangusa vumbi, na mahali pa kanda huunga kifaa chenye kadi ndogo kuliko kiberiti. Kadi hiyo moja hubeba yaliyojaza kanda nyingi.

Ndipo huiwasha, na maandishi hutokea tena. Haraka haraka haina baraka.