Mabingwa wa Kiinimacho: Rekodi za Wasimamizi wa Athari za Picha

Waliowahi kubanana kwenye kibanda umiza kuangalia Terminator 2 hawajamsahau yule adui wa chuma aliyeyeyuka kama zebaki, akapita katikati ya nondo za hospitali bila hata mkwaruzo, ikakwama bastola tu. Steringi, Arnold Schwarzenegger, alijulikana hadi na watoto wa chekechea. Mtu aliyesimamia ule uyeyukaji, je? Anaitwa Dennis Muren, na ana Oscar tisa. Katharine Hepburn, mwigizaji aliyenyakua nyingi kuliko waigizaji wenzake wote, aliishia nne.

Kazi yake ni usimamizi wa athari za picha. Msimamizi huanza kabla kamera haijawashwa: anasoma muswada na kuamua lipi lipigwe kweli, lipi lijengwe kwa modeli, lipi liachiwe kompyuta. Siku ya kupiga picha yupo pembeni ya mwongozaji. Ukimwona mtu anaingia mbele ya kamera baada ya waigizaji kuondoka, ameshika mpira wa kijivu na mwingine wa kung'aa, huyo ni wa kikosi chake. Mipira hiyo inarekodi mwanga ulitokea wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, ili kiumbe atakayeongezwa baadaye apate kivuli kinachofanana na cha wenzake. Kisha watu wote wanaenda zao, yeye anabaki miezi mingi akikagua shoti moja baada ya nyingine.

Rekodi za kazi hii ni nyingi, na baadhi yake ni za kutambiana bajeti tu. Nitangulize upendeleo wangu: rekodi za uchache zinanivutia kuliko za wingi.

Oscar nyingi kuliko wote

Muren alizaliwa mwaka 1946 huko Glendale, California. Chuoni alisomea biashara. Akiwa bado mwanafunzi alitengeneza na rafiki zake filamu ya mazimwi, Equinox, kwa dola 6,500 hivi, ikanunuliwa na kuingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1970. Miaka michache baadaye akajiunga na Industrial Light & Magic, kampuni ambayo George Lucas aliianzisha kwa ajili ya Star Wars. Kati ya 1981 na 1994 alipata Oscar nane kwa filamu nane, pamoja na tuzo moja ya ufundi, na mwaka 1999 akawa mtu wa kwanza wa fani hii kuwekewa nyota kwenye njia ya mastaa wa Hollywood.

Orodha ya tuzo haionyeshi alivyokuwa akifanya kazi. Chukua ile shoti ya E.T., baiskeli ikikatiza mbele ya mwezi mpevu. Wengi hudhani mwezi ule ni wa kuchora. La. Muren na wenzake walihangaika na ramani wakitafuta mahali ambapo mwezi wa kweli ungeonekana chini kabisa, nyuma ya miti ya kweli. Kilichokuwa cha bandia ni mtoto, baiskeli na mgeni wake kikapuni. Alielewa kwamba ukisema kweli mara mbili, uongo wa tatu unapita bila kuulizwa.

Mwaka 1989 ilitoka The Abyss, ambayo kazi yake ya kompyuta aliisimamia yeye, na ambamo mkono wa maji unajitokeza na kuiga sura za watu. Sekunde 75 tu za kompyuta, zikala miezi na miezi. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo mtu mwenye Oscar kabatini halifanyi kirahisi: alichukua likizo ndefu akakaa na kitabu kinene cha michoro ya kompyuta, akisoma kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Aliporudi, kazi iliyofuata ilikuwa Terminator 2, na baada yake Jurassic Park.

Dakika sita

Hii ndiyo rekodi ninayoipa uzito kuliko zote, ingawa haimo kwenye vitabu vya rekodi. Jurassic Park ya 1993 ina urefu wa dakika 127. Dinosaria wanaonekana kwa dakika kama 15. Katika hizo, zilizotengenezwa kwa kompyuta ni sita hivi. Zilizobaki ni midoli mikubwa ya Stan Winston, yenye ngozi ya mpira na mitambo ndani.

Mpango wa awali wala haukuwa wa kompyuta. Dinosaria walikuwa watembezwe kwa mkono, fremu kwa fremu, na Phil Tippett, fundi asiye na mpinzani kwenye kazi hiyo. Lakini vijana wa Muren, akiwemo Steve Williams, walitengeneza kwa kompyuta mifupa mitupu ya tiranosau ikitembea, na Williams akahakikisha watayarishaji wanapopita wanaikuta inazunguka kwenye skrini. Ukawa ndio mwisho wa mjadala. Tippett alijiona ametoweka kama dinosaria wenyewe. Hata hivyo hakutupwa nje: yeye ndiye aliyejua mnyama wa tani nyingi anavyohamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, akawafundisha vijana wa kompyuta, na Oscar ya 1994 akaipokea pamoja na Muren, Winston na Michael Lantieri. Zaidi ya miaka 30 sasa, dakika zile sita zinatazamika kuliko filamu nyingi za mwaka jana.

Polepole kuliko wote

Taji hili ni la Ray Harryhausen, fundi mwingine wa kutembeza modeli fremu kwa fremu, bila ubishi. Vita vya viunzi saba vya mifupa katika Jason and the Argonauts ya 1963 vilimchukua miezi minne na nusu, peke yake chumbani. Kila kiunzi kina kichwa, mikono na miguu, na kila kiungo kilisogezwa kidogo kabla ya kupiga fremu moja. Kwa siku alimaliza fremu 13 hivi, na sekunde moja ya sinema inahitaji 24. Katika maisha yake yote hakuteuliwa hata mara moja kushindania Oscar. Akademia ilimpa ya heshima mwaka 1992.

Mwalimu wake, Willis O'Brien, aliyemjenga King Kong, alikuwa na bahati zaidi: Oscar ilikwenda kwa Mighty Joe Young ya 1949, filamu ya sokwe mkubwa anayelelewa na binti wa mzungu shambani Tanganyika. Sehemu kubwa ya kumchezesha sokwe huyo aliifanya Harryhausen.

Fedha kidogo, kishindo kikubwa

Machi 2024 Takashi Yamazaki na wenzake watatu kutoka Tokyo walipanda jukwaa la Oscar wameshika vinyago vya Godzilla. Godzilla Minus One ilikuwa imegharimu chini ya dola milioni 15, ikiwa na shoti 610 za athari zilizotengenezwa na watu 35. Yamazaki alikuwa mwongozaji na msimamizi wa athari kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakukuwa na barua za kwenda na kurudi: akikataa shoti, amekataa mwenye uamuzi. Kabla yake, mwongozaji pekee aliyepata Oscar ya athari za picha alikuwa Stanley Kubrick, kwa 2001: A Space Odyssey, na hiyo ndiyo Oscar pekee ya maisha ya Kubrick.

Ex Machina nayo iligharimu kiasi hichohicho, na mwaka 2016 ikaziangusha Star Wars, Mad Max, The Martian na The Revenant. Miongoni mwa washindi alikuwamo Sara Bennett, mwanamke wa pili tu kupata tuzo hiyo. Wa kwanza, Suzanne Benson, aliipata kwa Aliens mwaka 1987. Miaka 29 katikati! Hiyo si rekodi ya kujivunia.

Ushindi mchungu

Februari 2013 Bill Westenhofer alipokea Oscar ya Life of Pi. Simbamarara wa filamu ile karibu muda wote ni wa kompyuta. Wa kweli yumo katika shoti 23 tu. Studio iliyomtengeneza, Rhythm & Hues, ilikuwa imewasilisha maombi ya kufilisika siku 11 kabla ya sherehe. Nje ya ukumbi mamia ya mafundi waliandamana. Ndani, Westenhofer alipoanza kuitaja shida ya kampuni, walimfunika kwa muziki wa Jaws na kipaza sauti kikazimwa.

Na kwa anayedhani kuteuliwa ni nusu ya kushinda, kuna Dan Sudick, fundi wa milipuko na mitambo wa filamu za Marvel: hadi sherehe ya 2024 alikuwa ameteuliwa zaidi ya mara 10, mikono mitupu.

Wingi

The Lion King ya 2019, chini ya Rob Legato mwenye Oscar tatu, ina shoti 1,490 za kompyuta na moja tu ya kweli: jua linalochomoza mwanzoni, lililopigwa barani Afrika. Kikosi kilikuja Kenya kuangalia nyasi, vumbi na wanyama, kikarudi kuvitengeneza upya vyote. Kazi ya kushangaza, ila simba wale hawana uso wa kucheka wala kulia. Oscar ilikwenda kwa 1917, filamu ambayo watazamaji wengi hawakujua kama ina athari za picha.

Anayeweza kumkaribia Muren ni Joe Letteri wa Wētā, New Zealand, aliyemsimamia Gollum. Aliposhinda mwaka 2023 kwa Avatar: The Way of Water, filamu yenye zaidi ya shoti 3,000 za athari, ilikuwa Oscar yake ya tano ya athari za picha. Hesabu ya tuzo huenda siku moja akaifikia. Dakika sita za 1993, sidhani.