Tone la Dawa Haliishii Jichoni

Dawa ya matone haibaki yote jichoni. Kope zinapopepesa, sehemu kubwa yake huingia kwenye vitundu vidogo vya pembe ya jicho iliyo karibu na pua, ikashuka puani hadi kooni. Ndiyo maana anayetiwa dawa huonja uchungu. Puani huingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza.

Kwa timololi, dawa ya presha ya macho, safari hiyo ina uzito. Ndani ya jicho hupunguza maji yanayotengenezwa na kushusha presha. Ikifika kwenye damu, hupunguza mapigo ya moyo na kubana njia za hewa. Mwenye pumu hapaswi kupewa. Tone moja linaweza kumbana kifua. Kwa hiyo pumu yatajwe hata kwa daktari wa macho.

Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 wa presha ya macho waligawanywa: baadhi walitumia timololi, wengine walitibiwa kwa leza. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu katika asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Matone yanadai kutiwa kila siku, maisha yote, na kwa anayeishi Kibosho au Marangu chupa ikiisha ni nauli nyingine ya kushuka mjini.

Hatari zaidi ni matone yenye steroidi, kama deksamethasoni. Mtoto mwenye mzio hupata nafuu ya muwasho upesi, na nafuu hiyo ndiyo mtego: mzazi hurudi dukani kununua nyingine. Yakitumika kwa wiki kadhaa bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda. Yakiendelea kwa muda mrefu, huleta mtoto wa jicho. Jicho lililokwaruzwa na jani la mhindi shambani likiingiwa na fangasi, steroidi huzidisha kidonda.

Utiaji wenyewe si mgumu. Mikono ioshwe, kope ya chini ivutwe, liingie tone moja. La pili humwagika tu. Jicho lifumbwe na pembe ya karibu na pua ibonyezwe kwa kidole dakika mbili, ili dawa isishuke puani. Dawa nyingine isubiri dakika tano, na ya kupaka iwe ya mwisho. Ncha ya chupa isiguse kope.

Chupa nyingi hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata dawa ikiwa imebaki, na haziazimwi kwa jirani.