Tumbo Linapojaa Kupita Kiasi

Wengi wetu tumepata kumwona mtu aliyekula sana harusini akalegeza mkanda na kujilaza mkekani. Tunamcheka, na kwa kawaida mambo huishia hapo. Lakini mara chache sana kula huko huua.

Chakula tunachomeza huingia katika mfuko wa nyama ulio karibu na mbavu. Mfuko wa mtu mzima huchukua kama lita 1 au moja na nusu bila taabu. Ukizidishiwa hutanuka. Ukitanuka mno huchoka, hauwezi tena kusukuma chakula chini wala kukitapika. Maji na hewa huongezeka ndani, tumbo likakaza kama ngoma.

Funga uzi kidoleni, ukaze. Kidole hubadilika rangi na kufa ganzi, sivyo? Basi mishipa ya damu ya mfuko ule nayo hubanwa hivyo. Nyama isiyopata damu hufa, hugeuka nyeusi, hutoboka. Uchafu humwagika ndani ya tumbo, na mgonjwa aweza kufa upesi.

Nani hupatwa? Hasa aliyekaa na njaa siku nyingi, kisha akala kingi kwa mara moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili madaktari waliandika habari za wafungwa wa vita waliopatwa hivyo. Kwa hiyo mwenye njaa ndefu apewe uji, kidogo kidogo. Wengine ni wenye vidonda vilivyoziba njia ya chakula, wenye kisukari cha miaka mingi, na waliotoka kupasuliwa.

Kuna jambo linatusumbua. Mtu akivimbiwa, jirani husema, "Mpe magadi, atacheua." Kumbe magadi yakikutana na uchachu wa tumboni hutoa hewa! Mfuko uliokwisha kukaza waweza kupasuka.

Basi mkimwona mtu tumbo limevimba ghafla, linauma sana, anataka kutapika na hawezi, msimpe kitu chochote, wala msimkande. Maumivu yakipoa ghafla naye anatoka jasho baridi, msifurahi. Pengine mfuko umetoboka. Mpelekeni hospitali inayopasua watu, hata kama ni usiku. Huko hupitishwa mpira puani mpaka tumboni, hewa na maji yatoke. Nyama iliyokufa hukatwa. Mwelezeni mganga alikula nini, saa ngapi, na kama alilamba magadi. Msifiche kwa aibu.