Kicheko Hakizeeki Kikitunzwa



Hivi karibuni nilipanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mikumi. Barabara ile, kama mnavyojua, inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Nje ya dirisha twiga walikuwa wanakula majani, na tembo wawili wanajipepea kwa masikio. Watalii hulipa fedha nyingi kuja kuwaona. Lakini ndani ya basi shingo zote zilielekea kwenye televisheni ya mbele. Mr. Bean alikuwa katika chumba cha mtihani, akichungulia karatasi ya jirani yake. Basi zima hoi kwa kicheko. Nami nakiri, tembo sikuwatazama sana.

Kipindi kile kilionyeshwa mara ya kwanza Uingereza tarehe 1 Januari 1990. Kijana wa Kilosa niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa hajazaliwa. Vipindi vyenyewe vilikuwa 15 tu, na vilikwisha mwaka 1995. Sasa hebu tujiulize: kwa nini kichekesho cha Mwingereza, cha zaidi ya miaka 30, kimvunje mbavu Msagara?

Sababu ya kwanza, Bean karibu hasemi. Mwigizaji wake, Rowan Atkinson, alikwenda kwenye tamasha la vichekesho mjini Montreal, Canada, mwaka 1987. Akataka kuigiza mbele ya watazamaji wa Kifaransa, apime kama watacheka bila msaada wa Kiingereza. Wakacheka. Kabla yake Charlie Chaplin, mzaliwa wa London, alikwisha kuichekesha dunia kwa kofia, fimbo na mwendo wake tu. Sisi mchekeshaji tunamwita chale, na sikio langu husikia humo jina la Charlie.

Sababu ya pili, Bean anachezea mambo yetu sote. Nani aliyefanya mtihani wa darasa la saba asiyelijua jasho lile?

Sababu ya tatu ndiyo iliyonileta leo. Kanda zake zilitunzwa.

Mikumi nilishuka na yule kijana, tukaunganisha gari hadi Kilosa, akanipeleka nyumbani kwa babu yake, aliyekuwa kibarua wa mashamba ya katani. Nilipomsimulia kicheko cha ndani ya basi, mzee akaguna.

"Mwanangu, sisi tulikuwa na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania. Mchezo ukianza, hata maji ya kuoga yalipoa."

Papo hapo akaziigiza sauti zote mbili, huyu akibisha, yule akijibu. Mjukuu akacheka mpaka machozi. Kisha akauliza: "Babu, nami nitawasikia wapi?"

Mzee akanyamaza, akanitazama mimi, mtu wa redio. Sikuwa na jibu.

Msidhani Waingereza hawakuwahi kukosea. Zamani BBC ilifuta kanda nyingi ili izitumie tena. Wana mchezo uitwao Dad's Army, wa wazee wanaolinda mji wao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vilitengenezwa vipindi 80, kuanzia 1968 hadi 1977. Picha za vipindi vitatu hazijaonekana mpaka leo. Vingine viwili vilirudi mwaka 2001, kwa kuwa kuna mtu aliyekuwa ameiweka mikanda yake bandani. Mpenzi wa kichekesho huokoa hata kilichotupwa na wenyewe.

Na sisi je? Mzee Small alitutoka mwaka 2014. King Majuto akamfuata mwaka 2018. Hawa hawatarudi jukwaani. Kilichobaki ni kanda, na kanda huliwa na joto, vumbi na ukungu.

Ombi langu ni dogo. Mwenye kanda ya michezo yetu ya zamani chini ya kitanda asiitupe, na asirekodi taarabu juu yake. Aipeleke ikanakiliwe upya. Nasi wa redio tufungue makabati yetu, tuipige tena michezo hiyo, vijana wasikie. Akiba haiozi, lakini akiba ya sauti huoza isipoguswa.

Yule kijana bado anangoja jibu lake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.