Televisheni Ilikuwa Ikimeza Konsonanti

"Amesemaje?"

Baba aliuliza hivyo kila usiku, taarifa ya habari ikiwa katikati. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyekuwa mkalimani wake: msomaji akimaliza sentensi, mtoto anairudia kwa sauti, na akiirudia hiyo, ya pili imeshapita. Nikaongeza sauti mpaka jirani wa ng'ambo ya ua akawa anajua matokeo ya Simba na Yanga bila kuwasha TV yake. Baba akauliza tena: "Amesemaje?"

Nilidhani ni masikio. Baba ametoka kijijini, upande wa Matai, kuja kukaa nasi hapa Sumbawanga, na umri umekwenda. Nikaanza kuulizia siku za daktari. Lakini kuna jambo lilinitatiza. Nikimwamkia kutoka jikoni, anaitikia. Wajukuu wakinong'onezana habari za kopo la sukari, ananyanyua kichwa. Masikio gani haya yanayosikia mnong'ono wa sukari yakashindwa na TV ya inchi 43?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na jibu nimekuwa nalo darasani miaka yote. Wakati wa imla, mtoto wa dawati la nyuma hakosei irabu. Nikisoma "taka", ataandika "paka", "kaka" au "saka". Zile a mbili anazipata; kinachompotea ni konsonanti. Irabu zina nguvu na sauti yake ni nene. Lakini k, t, f na s ni pumzi tu, na sehemu kubwa ya sauti yake hutetema zaidi ya mara 2,000 kwa sekunde, sauti nyembamba inayofunikwa upesi. Kiswahili nacho karibu kila neno lake linaishia na irabu. Kiondolee konsonanti, kitabaki kama wimbo wa kubembeleza mtoto: a-a, i-a, u-o. Baba alikuwa akiusikia wimbo wa taarifa ya habari, maneno hayamo.

Mwizi wa konsonanti nilionyeshwa na fundi mmoja wa Katandala. Alikuwa na TV bapa iliyopasuka kioo. Akailaza kifudifudi, akafungua skrubu, akatoa spika zake mbili: vijitu vyembamba, kila kimoja hakizidi viberiti viwili vilivyopangwa mstari, na midomo yake inatazama chini.

"Mwalimu, wewe umekaa mbele," akaniambia, "lakini yenyewe inaongea na kabati."

Ile TV ya chogo tuliyoigawa zamani ilikuwa na tumbo kubwa, na spika zake zilitazama watu. Vioo vilipokuwa vyembamba na kingo zikaisha, spika zilikosa pa kukaa, zikahamishiwa chini au mgongoni. Hasara ikawa mara mbili. Spika ndogo haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nene. Na sauti nyembamba, zile zinazobeba konsonanti, husafiri kama mwanga wa tochi: zinakwenda kule tochi inakomulika. Ikimulika kabati, mtu aliye kwenye kochi anapata mabaki.

Nilirudi nyumbani nikapitisha kiganja chini ya TV. Sauti ikanipiga mkononi. Na pale pale palitandikwa kitambaa kizito cha kufuma, zawadi ya mama mkwe. Nikakikunja nikakiweka pembeni. Baba akasema, "Hapo sasa." Baada ya dakika moja: "Amesemaje?"

Ndipo akanikumbusha redio yao ya mbao. Mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza vita na Idi Amin, wanaume wa kijiji walijaa barazani kwa mwenye redio, na hakuna aliyepitwa na neno. Redio ile ilikuwa sanduku lenye nafasi ndani, na spika pana iliyotazama wasikilizaji usoni.

Saundibaa, ule ubao mrefu wa spika unaolala mbele ya TV, hairudishi kitu kingine zaidi ya hicho: spika kadhaa zilizopangwa safu moja ndani ya sanduku lenye nafasi, zote zinakutazama wewe. Ukiona 2.0, maana yake ni njia mbili za sauti, kulia na kushoto. 2.1 imeongezewa sabufa ya besi. 3.1 ina njia ya katikati, ambayo katika filamu nyingi ndiyo hupewa mazungumzo. Nyingine zina kitufe cha kukuza sauti za watu peke yake. Kwa nyumba yenye mzee, kitufe hicho kinashinda besi zote.

Zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo ilipofika nilikwenda dukani. Muuzaji akanivutia sabufa iliyoandikwa wati 3,000. Nikaigeuza nyuma: kibandiko kinasema inatumia umeme wa wati 40. Jamani, debe la lita ishirini litamwaga lita elfu? Yale maelfu ni wati za kwenye boksi. Na sabufa za namna ile ni nzuri kwa singeli na shughuli za harusi, ila besi ikizidi inamfunika msomaji wa habari kama shuka. Nikachukua saundibaa ya kawaida. Ya wati 40, ikiwaka kwa muda wa saa tano kila siku, inamaliza uniti moja ya LUKU kwa siku tano.

Kuiunga kusikutie hofu. Tafuta nyuma ya TV tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Waya mmoja unatosha, na mara nyingi rimoti ya TV itaongoza sauti zote. TV isiyo na tundu hilo huenda ina tundu la optiki, au la waya wa kawaida wa sauti. Bluetooth ni ya kusikilizia muziki. Kwenye picha sauti inaweza kuchelewa, midomo ikafunga ndipo neno likafika. Saundibaa ikikaa kimya baada ya kuungwa, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV au king'amuzi uchague PCM. Iweke ukingoni mwa kabati, usiifungie ndani, na kitambaa cha kufuma kitafutiwe kazi nyingine.

Sebule nayo ina neno lake. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma, sakafu ya saruji na bati juu, na sauti hurukaruka humo kama mpira. Kapeti, makochi na mapazia mazito, ambayo baridi ya Juni hapa Ufipa inatulazimisha kuwa nayo hata hivyo, hupunguza mwangwi. Mvua ya Januari ikilitwanga bati lisilo na dari, hapo hata saundibaa inasalimu amri. Na kama mzee wako hasikii vizuri hata mnapoongea uso kwa uso, mpeleke hospitali kwanza. Dukani mtakwenda baadaye.

Jioni ya kwanza sikumwambia baba chochote. Sauti niliishusha chini kuliko ya siku zote. Taarifa ilianza, ikafika katikati, zikaja habari za bei ya mahindi. Mkalimani wetu alikaa tayari, mdomo wazi, akingoja kuulizwa. Hakuulizwa.

Ilipofika michezo, baba akajiegemeza kwenye kochi.

"Siku hizi," akasema, "hawa watangazaji wamefundishwa kusema."